Pale Ramani za Vijiji Zinapokutana: Siku Saba kutoka Minjingu hadi Kiteto

Siku ya kwanza, Jumatatu: Babati hadi Kwakuchinja

Nimetoka Kondoa alfajiri, nikasimama Babati kujaza mafuta na kununua maji ya kunywa, na kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimekwisha kuiacha nyuma Magugu na mashamba yake ya mpunga. Safari hii sikutumwa, bali niliiomba mwenyewe. Kazi yangu kwa miaka kumi na mitano imekuwa kuandaa mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, na katika muda huo nimeshiriki kosa moja linalonisumbua hadi leo. Katika vijiji viwili vinavyopakana, ambavyo sitavitaja, tuliandaa mipango miwili mizuri, kila mmoja kwa wakati wake na kwa fedha za mradi wake. Kijiji cha kwanza kilitenga malisho na mapito ya wanyamapori upande wake wa mashariki. Miaka mitatu baadaye kijiji cha pili kikatenga mashamba upande wake wa magharibi, yaani pale pale mapito ya jirani yake yalipoishia. Mikutano mikuu ya vijiji vyote viwili ilipitisha, sheria ndogo zikaandikwa, ramani zikagongwa mihuri. Hakuna aliyevunja utaratibu hata mmoja, na msimu uliofuata tembo waliingia kwenye mtama.

Mwaka huu tunatarajia kuanza kazi katika vijiji vingine kadhaa, upande wa Pori la Akiba la Mkungunero, na sikutaka kuchukua karatasi na kalamu kabla ya kuona kwa macho yangu jinsi wenzetu wa ukanda wa Tarangire na Manyara walivyoshughulika na jambo hilohilo, pale walipofaulu na pale walipokwama.

Ushoroba wa Kwakuchinja, yaani mapito ya wanyamapori, uko kati ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire upande wa mashariki na Ziwa Manyara upande wa magharibi, na barabara kuu ya lami ya kutoka Babati kwenda Makuyuni inaukata katikati. Mgeni anayepita kwa basi hataona chochote cha kumwambia kwamba hapa ni mahali pa pekee: nyumba za bati, maduka, mashamba ya mahindi, vichaka vya migunga, halafu nyumba tena. Niliegesha gari kando ya barabara na kutembea na mwenyeji wangu, mwanakijiji ambaye amekuwa askari wa wanyamapori wa kijiji kwa miaka mingi. Alinionyesha alama za nyayo za pundamilia zinazovuka barabara kati ya shamba moja na jingine, mahali ambapo nafasi iliyobaki wazi, kwa hatua zangu, haikufika mita mia tatu.

Nilisimama hapo kwa muda mrefu. Katika ofisi zetu tunapenda kuandika ukubwa wa eneo lililotengwa kwa hekta, na hekta zikiwa nyingi tunaridhika. Lakini ushoroba hauhukumiwi kwa jumla ya hekta zake wala kwa upana wake wa wastani. Unahukumiwa kwa sehemu yake nyembamba kuliko zote, kama vile bomba la maji linavyohukumiwa kwa pale lilipobanwa. Kilomita ishirini za nyika safi hazina faida kwa mnyama ikiwa mita mia tatu za mwisho zimezibwa na ghala.

Vijiji 10 vya upande huu vimeungana katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge, na kila kimoja kimetoa sehemu ya ardhi yake. Ni juhudi inayostahili heshima, ingawa wapo wanakijiji walioniambia waziwazi kwamba mipaka ilipochorwa hawakuelewa ni nini wanachokitoa. Malalamiko hayo nimeyaandika, kwa sababu nimeyasikia mahali pengine pia, na yanafanana mno kiasi kwamba hayawezi kuwa ya kubahatisha.

Jioni niliutazama mlima wa Minjingu ukiwa umechimbwa ubavuni. Fosfeti yake, inayosagwa kuwa mbolea, ilitokana na vinyesi vya ndege wa majini wa zama ambazo mlima huo ulikuwa kisiwa ndani ya ziwa kubwa kuliko Manyara ya leo. Nimeutaja kwa sababu madini hayohayo, fosforasi, ndiyo yatakayonipeleka Simanjiro siku ya nne.

Siku ya pili, Jumanne: Manyara Ranch, Selela na Engaruka

Kaskazini ya Kwakuchinja iko Manyara Ranch, shamba la mifugo la tangu enzi za ukoloni ambalo baada ya uhuru liliendeshwa kama ranchi ya taifa, na mwaka 2001 likawekwa chini ya amana ya ardhi kwa ajili ya uhifadhi na mifugo kwa pamoja. Ng'ombe wa vijiji vya Esilalei na Oltukai huruhusiwa kuingia kulisha kwa utaratibu, hasa kiangazi kinapokuwa kikali, na katika nyasi zilezile hupita tembo, nyumbu na pundamilia wanaokwenda na kurudi. Bila ranchi hiyo, sidhani kama njia ya kaskazini ingekuwapo leo.

Njia hiyo ni ndefu kuliko nilivyodhani. Nyumbu waliofungwa vifaa vya kutuma mawimbi shingoni wamefuatiliwa kutoka Tarangire, kupitia ranchi, kupita Selela na Engaruka chini ya kingo za Bonde la Ufa, hadi nyanda za Gelai karibu na Ziwa Natron. Kwa gari nilikwenda hadi Engaruka tu, na mgongo wangu ulinikumbusha kila kilomita. Baada ya Mto wa Mbu bonde linabanwa: upande mmoja ukuta wa Bonde la Ufa, upande mwingine nyanda kavu, na katikati vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu, ambako kila penye maji pamelimwa.

Engaruka nilikaa zaidi ya nilivyopanga. Hapa yapo magofu ya makazi na mifereji ya kilimo cha umwagiliaji yenye umri wa karne kadhaa, kuta za mawe zilizopangwa bila udongo, matuta na mifereji iliyogawa maji kwa uangalifu ambao fundi wa leo angeuonea wivu. Waliolima hapa zamani walijifunga kwenye maji. Hawakutapanya mashamba kwenye nyika yote. Siwezi kusema walifikiri nini kuhusu wanyama, lakini sura ya mashamba yao, yaliyosongamana chini ya kingo na kuacha tambarare wazi, ni sura ambayo ningependa kuiona katika mipango yetu: kilimo kiwe pale ambapo maji yanakibeba, na nyika ibaki nyika pale ambapo mvua haina ahadi.

Siku ya tatu, Jumatano: Lolkisale

Siku fupi, kwa sababu gari lilihitaji fundi Makuyuni hadi mchana. Nilifika Lolkisale saa tisa. Kuzunguka mlima huo kuna mashamba makubwa ya maharage, baadhi yakiwa ya tangu miaka ya 1980, yamenyooka kama yamepimwa kwa rula. Upande wa mpaka wa Tarangire, vijiji vimetenga ardhi katika Jumuiya ya Randilen, na tofauti inaonekana hata kwa mtu asiyejua chochote: huku udongo mwekundu uliofunguliwa, kule nyasi na migunga, na mstari kati yake kama umekatwa kwa kisu. Hakuna eneo la mpito. Mzee mmoja aliniambia kwamba alipokuwa layoni, yaani mvulana ambaye bado hajatahiriwa, nyumbu walipita hapa siku nzima bila mkia wa kundi kuonekana. Nilimwuliza ni mwaka gani aliacha kuwaona kwa wingi huo. Alifikiri, kisha akanijibu kwa kunitajia jina la rika lililokuwa la vijana wakati huo.

Siku ya nne, Alhamisi: Terrat hadi Emboreet

Nimefika mahali nilipopatazamia tangu nilipoondoka nyumbani.

Ramani ya watalii huonyesha Tarangire kama umbo la kijani lenye mpaka kamili, kilomita za mraba 2,850, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Mtu anaweza kudhani kwamba wanyama wa Tarangire wanaishi ndani ya umbo hilo. Ukweli ni kwamba hifadhi ile ni makazi ya kiangazi. Wanyama hukusanyika huko kwa sababu ya mto, ambao huwa na maji wakati kila mahali pengine pamekauka. Mvua zikianza, kuanzia Novemba hivi, nyumbu na pundamilia wengi huondoka na kuja huku, kwenye nyanda za Simanjiro, ambazo ni ardhi ya vijiji. Hawaji kutafuta majani tu, maana majani Tarangire yapo. Wanakuja kwa sababu nyasi fupi za udongo huu zina fosforasi, kalsiamu na protini nyingi zaidi, na jike anayenyonyesha hawezi kuzalisha maziwa ya kutosha kwa nyasi za kando ya mto. Kwa hiyo hifadhi inawapa uhai wa kiangazi, na vijiji vinawapa watoto. Ukiikata Simanjiro, hutawaua wanyama mwaka huo. Utawazuia kuzaana, na utakuja kuhesabu hasara miaka ishirini baadaye.

Na hasara imehesabiwa. Hesabu za kutoka angani ziliwapata nyumbu zaidi ya 40,000 mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakabaki karibu 5,000. Ujangili na ukame vimechangia, lakini hakuna anayeijua nyika hii atakayeyaacha mashamba nje ya maelezo.

Leo nimewaona. Kutoka Terrat kwenda Emboreet nyanda zinafunguka kama bahari, na karibu saa tano tuliwakuta, mamia kwa mamia, na kati yao ndama wa rangi ya mchanga ambao baadhi hawakuwa na umri wa wiki moja. Nyumbu huzaa karibu wote kwa pamoja, katika wiki chache za Januari hadi Machi. Kilomita mbili hivi pembeni, kwenye mwinuko wenye vichaka, palikuwa na ng'ombe wa kijiji. Nilimwuliza mwenyeji wangu, mfugaji wa makamo ambaye amewahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji, kama umbali ule ulikuwa wa kubahatisha. Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kama jua huchomoza kwa bahati.

Ndama wa nyumbu, katika miezi mitatu au minne ya kwanza, hutoa puani na machoni virusi visivyomdhuru yeye wala mama yake, lakini ng'ombe akivipata karibu kila mara hufa, na tiba hakuna. Kwa hiyo mfugaji wa Simanjiro huwapisha nyumbu wanapozaa. Ng'ombe huhamishiwa kwingine, wengine hupelekwa ronjo, yaani kambi za muda za malisho, na ndama wa nyumbu wakikomaa na kubadilika rangi ya manyoya, mifugo hurudi. Pembeni ya maboma huwa kuna alalili, malisho yaliyofungwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu, ambayo hayaguswi hadi wazee waseme. Huu ni mpango wa matumizi ya ardhi. Una kanda, una ratiba, una wasimamizi na una adhabu. Kitu pekee kilichokosekana ndani yake ni muhuri.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndipo mafunzo yangu mwenyewe yaliponipotosha. Tulifundishwa kuipa kila hekta rangi moja: kijani ni msitu, njano ni mashamba, kahawia ni malisho. Lakini nyanda niliyosimama juu yake leo ni uwanda wa kuzalia nyumbu mwezi wa pili na ni malisho ya ng'ombe mwezi wa sita, bila pande mbili hizo kunyang'anyana. Ramani yenye rangi moja italazimisha watu wachague, na wakilazimishwa kuchagua kati ya ng'ombe na nyumbu, jibu linajulikana. Ramani ya nchi kavu inahitaji kalenda ubavuni mwake.

Mchana tulikaa chini ya mgunga, na hapo nikasikia sehemu ya habari ambayo haimo katika ripoti nyingi. Niliuliza kwa nini wafugaji, ambao wazazi wao hawakushika jembe, wamelima kiasi hiki. Majibu yalikuwa mengi: bei ya mahindi, ng'ombe waliokufa katika ukame wa 2009 na tena wa 2021 hadi 2022, watoto wanaohitaji karo, wageni wanaokodi mashamba. Lakini mzee mmoja, laigwanani, yaani kiongozi wa kimila, ambaye vijana wote walimwinamia vichwa awaguse kabla ya kuketi, alitoa sababu nyingine. Tarangire ilipofanywa hifadhi, alisema, wafugaji walipoteza maji na malisho ya kiangazi yaliyokuwa ndani yake. Wakajifunza kwamba ardhi yenye nyasi tupu huonekana na wakubwa kuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Ardhi iliyolimwa haichukuliwi kirahisi. Basi wengine walilima ili kuweka alama tu, wakijua kabisa kwamba mvua ya huku, ambayo mara nyingi haifiki milimita 600 kwa mwaka, itawaangusha miaka mingi kuliko itakayowainua.

Nimeyaandika maneno hayo mara mbili katika daftari langu. Kama ni hivyo, basi kila tangazo la kupanua hifadhi linaloletwa bila kuwashirikisha wenyeji huzaa mashamba, na njia ya kuilinda nyika ni kumhakikishia mwenye nyasi kwamba nyasi zake ni mali yake kama vile shamba la mahindi lilivyo mali ya mkulima.

Mambo mawili yamefanyika huku katika mwelekeo huo. La kwanza ni makubaliano ya Terrat: tangu katikati ya miaka ya 2000 kampuni kadhaa za utalii hukilipa kijiji fedha kila mwaka ili sehemu ya nyanda zake isilimwe wala kujengwa makazi ya kudumu, huku malisho ya mifugo yakiendelea kama zamani. La pili, ambalo mimi naliona kubwa zaidi, ni hatimiliki ya kimila ya pamoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haimfikirii mtu binafsi peke yake. Kundi nalo linaweza kupewa hakimiliki ya kimila. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya namna hiyo mwaka 2011 kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, na baadaye njia hiyo imetumika kwa malisho ya vijiji vya wafugaji, pamoja na huku Simanjiro. Nyasi zimepata karatasi yenye jina la wenyewe.

Siku ya tano, Ijumaa: kikao chini ya mti

Niliruhusiwa kuhudhuria kikao cha kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji kimoja. Kabla ya kuanza tulisalimiana kwa Kimaasai, "Supai" na "Ipa" kwa wanaume, "Takwenya" na "Iko" kwa akina mama, kisha afisa wa wilaya akatandaza ramani. Wazee waliiangalia kwa adabu na kuiacha. Kijana mmoja akachukua jivu, akachora chini korongo, lambo, barabara na shule, na ndani ya dakika kumi kila mtu alikuwa amesimama akibishana kwa hamu. Ramani ya jivu ilikuwa na mambo matatu ambayo yetu haikuwa nayo: mahali pa chumvi wanapolamba wanyama, njia ya ng'ombe kwenda kwa jirani, na mahali ambapo akina mama hukata kuni.

Ubishi mkubwa ulihusu maji. Mradi mmoja ulikuwa tayari kuchimba kisima kirefu na kujenga mbauti za kunyweshea mifugo katikati ya malisho ya masika, mahali ambapo kiangazi hapana tone. Vijana waliliunga mkono wazo hilo kwa nguvu. Mama mmoja mtu mzima, ambaye wote walimwita yeyo, alisubiri hadi kelele zilipotulia, akauliza: maji yakiwa pale mwaka mzima, ni nani atakayeziambia ng'ombe ziondoke? Hakuna aliyejibu haraka. Maana malisho ya masika hupumzika kwa sababu hayana maji. Ukosefu wa maji ndio mlinzi wake asiyelipwa mshahara. Ukiweka kisima, makazi yatafuata, kisha duka, kisha shamba la nyuma ya nyumba, na ndani ya miaka mitano uwanda wa kuzalia nyumbu na malisho ya akiba ya kijiji vitakuwa vimekwisha bila mtu yeyote kukata shauri la kuvimaliza. Nimeona jambo hilo likitokea kwetu. Kikao kiliamua kuomba kisima kisogezwe karibu na makazi yaliyopo, na afisa wa wilaya akaandika.

Kutokana na kikao hiki nimejifunza kutokukubali tena mpango wa ardhi na mpango wa maji viandaliwe na watu wasiokaa meza moja. Kisima kina nguvu kuliko ramani.

Siku ya sita, Jumamosi: Loibor Siret hadi Orkesumet

Asubuhi nilitembelea maboma yaliyozungushiwa uzio hai: miti michanga ambayo tawi lake likichomekwa ardhini huchipua, imepandwa karibu karibu na kuunganishwa kwa waya, na simba haoni pa kupenya. Ng'ombe wakilala salama, hasira dhidi ya simba hupungua, na mpango wowote wa kuacha nyika wazi unapata nafasi ya kusikilizwa. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa ushoroba hauleti nyumbu peke yake.

Baadaye ilikuwa ni kusafiri tu. Barabara ya Orkesumet ilikuwa mbovu kwa mvua ya juzi.

Siku ya saba, Jumapili: Kiteto

Kiteto ni jina ambalo wengi wetu tunalikumbuka kwa uchungu, kwa mapigano ya wakulima na wafugaji yaliyoua watu mwaka 2014. Ndiyo sababu nilitaka safari yangu iishie hapa, mahali ambapo mipango ya ardhi imegharimu damu pale iliposhindwa.

Ipo nyanda ya malisho ambayo mpango wake wa pamoja ulianzishwa na vijiji vitatu: Orkitikiti, Lerug na Ngapapa. Kwa vizazi vingi wafugaji wa vijiji hivyo wamelisha pamoja, wamenywesha pamoja na kuozeshana. Serikali ilipoweka mipaka ya vijiji, mipaka hiyo ikapita katikati ya malisho. Ilipofika zamu ya kuandaa mipango ya matumizi ya ardhi, wenyeji na wataalamu waliokuwa nao walikataa kufanya kile nilichokifanya mimi. Walikaa pamoja kwanza, wakakubaliana kuhusu eneo la malisho la pamoja, na ndipo kila kijiji kikaandaa mpango wake kikijua kwamba sehemu ile haiguswi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zote zinatoa nafasi kwa vijiji kupanga na kusimamia rasilimali kwa pamoja. Nafasi hiyo ilikuwapo hata siku ile tulipoharibu. Eneo lao wakaliita OLENGAPA, kwa kuunganisha herufi za majina ya vijiji, wakaunda chama cha wafugaji wa pamoja, na hakimiliki za kimila zikatolewa kwa ajili yake.

Mmoja wa viongozi wa chama hicho alikubali kukaa nami baada ya ibada. Nilimweleza kisa cha vijiji vyangu viwili, bila kujificha. Hakunilaumu. Aliniuliza tu swali moja la kiutendaji: siku ya kwanza kabisa ya kazi, kabla ya kupima chochote, nilikuwa nimemwalika nani? Nikamjibu kwamba nilialika serikali ya kijiji husika, kama mwongozo unavyosema. Akasema kwao siku ya kwanza walikuja majirani, na wenye kijiji wakawa wenyeji wao. Mpaka ulitembewa kwa miguu na pande zote kwa wakati mmoja, na kila walipofika mahali penye ubishi waliketi hapo hapo hadi ukaisha, hata kama ni kesho yake.

Aliniambia pia mambo ambayo hayajakaa sawa, nami ninayaandika kwa uzito uleule. Kijiji kikigawanywa na kuzaliwa kijiji kipya, makubaliano yanabidi kuanza upya. Walimaji hujaribu kuingia pembezoni kila msimu wa mvua, na doria ni kazi ya kujitolea isiyo na fedha. Hati haijilindi yenyewe.

Jioni, katika nyumba ya wageni ya Kibaya, nimefungua ramani za vijiji vyetu vya upande wa Mkungunero na kuziunganisha kwa gundi kuwa karatasi moja, jambo ambalo sikumbuki kama tumewahi kulifanya ofisini. Kwa penseli nimefuata njia ya tembo kutoka ukingo wa pori kwenda kwenye mabwawa. Inavuka mipaka mitatu. Katika mpaka wa pili kuna mashamba ya ufuta yaliyokwisha kupimwa, na nafasi kati yake na korongo ni ndogo. Nitakwenda kuipima kwa hatua.

Nimeandika barua kwa wenyeviti watatu, maneno yaleyale kwa kila mmoja, kuomba kikao cha pamoja kabla ya fedha za mradi kufika. Nimependekeza kifanyike baada ya mavuno, wakati wenye mashamba na wenye mifugo wote wapo nyumbani, na kifanyike pale korongoni.